Mbuzi wa Jaribio

Harufu inayoingia kwa dirisha hili la kushoto mnaisikia, na mimi naisikia. Ni mbuzi wanne, wamechinjwa alfajiri, na waliowaleta ni wageni wetu hawa waliokaa safu ya mbele. Wageni, karibuni, kaeni kwa amani. Tutafika kwenye mbuzi wenu. Ila niwaambie mapema, leo sina maneno laini. Mama mchungaji amenionya nyumbani nisipandishe sauti, nami nimemwambia nitajaribu. Sikumwahidi.

Basi nipeni masikio.

Alikuwepo fundi mmoja wa kuchomelea vyuma. Jina lake silitaji, kwa sababu nikilitaja mtasema ni yeye, na mimi sitaki mseme ni yeye. Katika nchi yake kulikuwa na wezi wa mifugo mpakani, wezi wenye bunduki, na askari walikuwa wakiwafuata kwa malori ya turubai. Mnajua risasi inafanya nini kwenye turubai. Hapa ndani nani hajui?

Wakubwa wa nchi ile wakasema, tutengeneze gari letu wenyewe la deraya, gari ambalo mwili wake ni chuma kisichopitisha risasi. Wazo zuri. Mimi sina ugomvi na wazo hilo. Wananchi wakachanga. Mwenye ng'ombe akatoa ng'ombe, mwenye kuku akatoa kuku, na mjane aliyekuwa na cherehani akaiuza cherehani. Ikaundwa kamati ya majaribio, nayo ikaanza kazi jinsi kamati zinavyoanza kazi. Wakasafiri kwenda kuangalia chuma. Wakarudi. Wakasafiri tena kwenda kukiangalia chuma kilekile. Wakanunua mahema, na viti vyenye mito, na fulana zilizochorwa gari ambalo lilikuwa bado halijatengenezwa. Kilichobaki ndicho kilichonunua chuma.

Chuma kilipofika karakanani, fundi akakigonga kwa nyundo na hakuupenda mlio wake. Akachukua drili. Hili nimeelezwa na mtu anayeifanya kazi hiyo: chuma cha deraya ukikiwekea drili ya kawaida, drili inapiga kelele, inateleza, ncha inakatika, na wewe unatoa maneno ambayo siwezi kuyasema hapa madhabahuni. Fundi akaweka ncha, akaegemea kidogo tu, ikaingia kama kisu kwenye muhogo wa kuchemsha. Kilikuwa chuma cha kutengenezea matangi ya maji.

Akaenda kwa mwenyekiti wa kamati, kofia mkononi. "Mheshimiwa, chuma hiki ni cha matangi. Risasi itapita."

Mwenyekiti akamwangalia. "Fundi, kazi yako ni kununua au kuchomelea?"

"Kuchomelea, mheshimiwa."

"Basi chomelea. Gari litajaribiwa mbele ya watu wote. Likiwa na kasoro, jaribio litasema."

Fundi akarudi moyo ukiwa mwepesi. Alijiambia, kweli, kuna jaribio. Kwa nini nijitie kidomodomo? Risasi zenyewe zitasema. Akachomelea miezi minne, na alichomelea vizuri, maana alikuwa fundi hasa. Mshono wake ulikuwa umenyooka, ungeweza kuupitishia kidole usikwame popote.

Sasa, watu wa nchi ile walikuwa na desturi yao. Kitu kipya hakitumiwi na mtu mpaka kijaribiwe na mbuzi. Daraja likijengwa, mbuzi anavuka kwanza. Kisima kikichimbwa, mbuzi anakunywa kwanza. Mbuzi akitoka salama, anachinjwa palepale, na wote waliokuwepo wanakula. Na kula kwenyewe ndiko kukubali. Aliyekula nyama ya mbuzi wa jaribio amesema kwa kinywa chake kwamba kitu ni kizuri, na hana ruhusa ya kulalamika baadaye. Mwenye neno anakataa nyama. Ndiyo sheria yao, na kwa miaka mingi iliwafaa.

Siku ya jaribio ikafika. Mahema yakajaa, ngoma zikapigwa, wakubwa wakakaa kwenye viti vyao vyenye mito. Fundi akapewa mbuzi amfunge kwenye kiti cha dereva. Akamfunga. Lakini kamba ilikuwa inamkaba yule mbuzi, na fundi alikuwa na huruma, akailegeza shubiri mbili hivi. Akafunga mlango, akasogea kando.

Afande mmoja akapiga magoti hatua hamsini kutoka pale, akafyatua risasi tano kwenye mlango wa dereva.

Fundi ndiye aliyetumwa kufungua. Alipofungua, mbuzi alikuwa amelala sakafuni, chini ya kiti, anatafuna mpira wa kanyagio la breki. Jua lilikuwa kali, yeye aliona kivuli akajilalia zake. Fundi akainua macho. Mlangoni kulikuwa na matundu matano. Kwenye mgongo wa kiti kulikuwa na matundu matano. Yote yalikuwa pale ambapo mtu mzima akikaa, kifua chake kinakuwapo. Fundi akaingiza kidole kwenye tundu moja, kidole kikatokea upande wa pili kikapigwa na jua.

Mwenyekiti akaja mbio mbio, anatabasamu kwa ajili ya watu. "Mbuzi?"

"Yuko hai, mheshimiwa, lakini alikuwa amelala chini. Tazama hapa kwenye kiti..."

"Nimeuliza mbuzi."

"Yuko hai."

Mwenyekiti akamtoa yule mbuzi kwa kamba, akamwinua juu watu wamwone. Ee, vigelegele vyake! Kule kwenye mahema, alama ya risasi na tundu la risasi vinafanana. Hakuna aliyenyanyuka kwenye mto wake akaja kuangalia. Walichangia gari, wakaangalia mbuzi. Hivi kuna watu wajinga kiasi hicho? Msinijibu sasa.

Mbuzi akachinjwa. Masufuria yakafunuliwa, watu wakanawa, wakala. Fundi akakaa pembeni, mikono mikavu, hakunawa. Alikuwa amekata shauri kwamba hatakula. Nataka mlijue hilo, alikuwa amekata shauri kabisa. Mwenyekiti akamwona. Akaja mwenyewe, na sahani ndogo, na juu ya sahani kulikuwa na ini. Mnajua ini hupewa nani.

"Fundi wetu hali? Fundi ana neno?" Akasema kwa sauti ya juu, watu wa hema la karibu wakageuka. Halafu akainama, akasema kwa sauti ya chini. "Yatatengenezwa magari kumi na mawili zaidi. Nilikuwa nafikiria karakana yako. Lakini kama huna hamu ya kula, mafundi wako wengi."

Fundi akalitazama ini. Akawaza, nikikataa, watu wataniuliza kwa nini. Nikiwaambia, nitamwaibisha mheshimiwa mbele ya mahema yote haya. Na pengine gari halitakutana na wezi. Pengine wezi watapiga upande mwingine. Funika kombe mwanaharamu apite. Akanawa. Akala. Na kilichomuudhi kuliko vyote ni kwamba lile ini lilikuwa tamu.

Hajamaliza kulamba vidole, akaja koplo mmoja, mtu mzima, mpole, na sahani yake mkononi. Kwenye sahani ile nyama ilikuwa haijaguswa. Akachuchumaa karibu na fundi.

"Shikamoo, fundi. Samahani kukusumbua ukila. Mimi ndiye nitakayeliendesha. Nimeona mbuzi ametoka hai, lakini mbuzi hajui chuma. Wewe unajua, umekishika kwa mikono yako. Ukiniambia nikae, nitakaa. Ukiniambia nisikae, sitakula hii nyama."

Mnaona alivyomrahisishia? Hakumwomba ushahidi, hakumtaka akasimame mbele ya mahema. Alitaka neno moja tu, wala si kwa sauti kubwa. Fundi akatazama kule kwa mwenyekiti, akakuta mwenyekiti anamtazama.

"Kaa kwa raha, mdogo wangu," fundi akasema. Na mkono wenye mafuta ya ini akauweka begani kwa yule koplo.

Koplo akashukuru, akala.

Yale matundu matano ya jaribio yalizibwa na kupakwa rangi kabla koplo hajalichukua gari, zikapita wiki tatu. Siku ya Jumanne saa nne asubuhi gari likarudi karakanani, limevutwa na trekta. Mlangoni kulikuwa na matundu matatu mapya. Kiti kilikuwa kimeoshwa, lakini haraka haraka. Juu ya kiti kulikuwa na kitambaa cha kufuma, cha rangi ya chungwa, ambacho mke wa koplo alimfumia mumewe asiumwe na mgongo safarini. Kitambaa hakikuoshwa. Askari aliyelileta akasema kamati imeagiza matundu yazibwe, gari lipakwe rangi, dereva mwingine analichukua Alhamisi.

Fundi akaacha kila kitu. Akaenda kwa mwenyekiti bila kofia, akamkuta ofisini anakunywa chai na wenzake, akamfokea. Mtu ambaye hajawahi kumfokea mkubwa maishani mwake, siku hiyo alifoka mpaka mate yakamtoka. "Mmemuua! Nilikwambia chuma ni cha matangi! Nilikuonyesha kiti!"

Mwenyekiti hakukasirika. Akaweka kikombe chini. "Fundi, siku ile ulikula?"

Fundi akajifuta mate mdomoni.

"Nakuuliza, ulikula au hukula?"

"Nilikula."

"Sehemu gani?"

"Ini."

"Basi tusisumbuane," mwenyekiti akasema, akachukua kikombe chake. "Alhamisi asubuhi gari liwe tayari."

Na fundi, ndugu zangu, alirudi karakanani akakoroga puti. Akayaziba matundu matatu moja moja, akayasugua kwa msasa, akayapaka rangi. Kazi safi, maana alikuwa fundi hasa. Kile kitambaa cha rangi ya chungwa alikikunja, akakiweka kwenye droo ya misumari, kwa sababu hakujua atakirudisha kwa mjane wa koplo kwa maneno gani.

Mfano umeishia hapo. Naona mmenuna. Kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni, yule mwenyekiti ni shetani. Sikatai. Lakini sikuja hapa kumhubiri mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa na kinywa kimoja tu, asingeweza kummaliza mbuzi mzima peke yake. Nani alimsaidia? Kulikuwa na mahema mangapi pale? Kila aliyenawa mikono siku ile alitia kidole chake kwenye lile tundu, akalisukuma likawa pana zaidi. Mimi nawakasirikia wale. Nawakasirikia kwa sababu nawajua, nakaa nao, nawabatizia watoto. Na nimo.

Mwaka juzi tulichanga hapa hapa. Mliniona wenyewe nimeshika kapu. Tukaletewa ng'ombe, tukala, nikaombea chakula kwa sauti nzito. Mmewahi kuniuliza ule mchango ulikwenda wapi? Hamkuniuliza. Na mimi sikuuliza, kwa sababu nilipewa nundu. Nimekaa na nundu ile tumboni mwaka wa pili huu, na leo naitapika mbele yenu.

Sasa tumefika kwa mbuzi wenu, wageni wetu. Mmekuja kutuomba mchango wa pili, wa magari ya askari wa akiba wanaolinda mifugo yetu. Gari la mfano mmekuja nalo, limeegeshwa pale nje ya uzio, limepakwa rangi, limefungwa utepe. Mmesema tule kwanza halafu tusomewe hati, tuikubali kwa makofi. Dereva mmeshamteua. Ni Lokwang wetu, anayeimba besi. Lokwang, simama kidogo watu wakuone. Mama yake yuko wapi? Haya. Kaa, mwanangu.

Mimi sisemi chuma chenu ni kibovu. Sijui. Ninyi mlio kwenye viti, mnajua? Kuna yeyote kati yenu aliyelisogelea gari, akaligusa? Nimewaona asubuhi mkipiga picha na utepe.

Baba Nakiru, usijifiche nyuma ya nguzo, nimekuona. Wewe ndiye uliyechomelea mlango wa kanisa hili. Juzi nilikuomba uje na drili, ukaniuliza ya kazi gani, nikakuambia utajua Jumapili. Iko chini ya benchi hapo miguuni pako. Jenereta ya kanisa ina mafuta, nimeijaza mwenyewe. Waya unafika mpaka nje ya uzio, nimeupima.

Kwaya isiimbe. Mtu yeyote asinawe. Wageni, tangulieni, gari ni lenu, mtatufungulia. Tutaanza na mlango wa dereva, na Lokwang ndiye atakayeishika drili. Nyama itasubiri.