Wajina wa Bi Chausiku

"Tufani haina wajina." Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, alipomkanya Muhibu aliyeacha kusoma eti kwa kuwa msimamizi wa mtihani ana jina kama lake. Mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Imetoka Kitunguli, kwa mwanamke mvuna chumvi, naye hakuipata bure.

Msimu ule bahari ilizaa tufani nne. Watu wa hali ya hewa huzipa majina kwa kufuata alfabeti, na redio ikawa inayataja kama wageni wa harusi. Ya kwanza, Amida, iligeukia Madagaska. Ya pili, Bonko, ilifia majini. Mwezi wa nne ikatangazwa ya tatu, na jina lake Chausiku.

Kitunguli wakapata la kusema. "Bi Chausiku, wajina wako yu njiani, umempikia nini?" Yeye alicheka nao, ila moyoni alilichukulia kwa uzito. Kwetu wajina ni ndugu. Kila Chausiku aliyepita kwenye majaruba yake ya chumvi aliondoka na kibaba cha chumvi, na mwaka alioumwa, ni wajina wake wa kijiji cha pili aliyekuja kumuuguza mwezi mzima. Mtu aliyetendewa hivyo huamini.

Bandani mwake, hatua chache kutoka baharini, mlikuwa na magunia sitini. Hilo lilikuwa jasho la kiangazi kizima, nalo ndilo lingeezeka bati nyumba ya mama yake, ambaye mvua ilikuwa ikimfuata hadi kitandani.

Siku ya kuhamisha chumvi kupeleka shuleni, kule mlimani, trekta la kijiji lilikwenda banda kwa banda. Dereva, Machela, akasimama kwa Bi Chausiku.

"Zamu yako, dada. Tupakie upesi, sidhani kama nitawahi safari nyingine."

"Mpakilie Sikudhani. Yeye hana mtu huko."

"Na wewe una nani?"

"Huyo anayekuja. Wajina hamvunjii wajina wake."

Machela alidhani ni utani. Alipoona mwanamke hatanii, alimtazama kidogo, akageuza trekta kwenda kwa jirani huyo. Bi Chausiku akamchukua mama yake wakapanda shuleni na wenzao. Walipofika juu, upepo ulikuwa umeshaanza kung'oa makuti.

Kesho yake alishuka. Banda halikuwa na paa, lakini magunia yalikuwepo yote sitini, midomo imeshonwa vilevile kama alivyoishona mwenyewe. Akashukuru. Kisha akainua moja, likaja na vidole viwili. Maji yalikuwa yameiyeyusha chumvi yote, imerudi baharini. Alikaa kwenye tope akalia, na aibu ilimuuma kuliko hasara.

Sikudhani alimkuta hapo. Hawakuwa na undugu, wala jina moja, wala urafiki wa kutajika.

"Zamu ilikuwa yako," akasema. "Shuleni kuna magunia yangu thelathini. Kumi na matano ni yako."

"Sikukupa ili unirudishie."

"Najua. Chukua."

Haikupita wiki tatu, redio ikatangaza tufani ya nne. Jina lake Dadi. Pale Kitunguli alikuwepo Mzee Dadi, naye chumvi yake alikuwa ameshairudisha bandani. Trekta lilipofika alikuwa kibarazani, miguu ameinyoosha.

"Labda mie wajina wangu ana adabu," akasema, na watu wakacheka.

Bi Chausiku hakucheka. Aliingia bandani mwa mzee, akatoka na gunia kichwani, akalitua kwenye tela.

"Inuka, Mzee Dadi. Mie nilisema hanivunjii. Banda kavunja, chumvi kala, na jina langu hakuniuliza. Tufani haina wajina."

Mzee Dadi akakunja miguu, akainuka, akabeba.

Dadi iliipiga Kitunguli siku mbili baadaye, na bahari ikalala tena juu ya majaruba. Chumvi ya wote ilikuwa shuleni, kavu. Kwa magunia yale kumi na matano, mama yake Bi Chausiku alipata bati za chumba kimoja, kile anacholala. Na tangu mwaka ule, redio ikitaja tufani yenye jina la mtu wa Kitunguli, mwenye jina ndiye wa kwanza kupakia. Tufani haina wajina.