Supu ya Meneja Mwachiro

Paliondokea meneja wa nyumba ya wazee, jina lake Mwachiro. Siku nenda siku rudi aliwalisha wazee supu ya boga isiyo chumvi wala ndimu, naye mwenyewe akiletewa pilau kutoka kwake. Bi Nyamvula, mmoja wa wazee hao, akamwomba sima na papa wa nazi.

"Bibi, hivyo ni vyakula vya watu wa zamani," alifoka meneja. "Na kesho wafadhili wakija, ole wako uiseme vibaya supu yangu!"

"Nitaisifu, mwanangu."

Kweli, wafadhili walipofika akaisifu, mpaka akalamba kijiko. "Tamu hii! Hata meneja wetu hali kingine. Kila mchana yuko nasi hapa, bakuli kwa bakuli."

Mfadhili mkuu nusura alie. "Meneja, basi tutumie picha kila siku, ukila na wazee wako."

"Bila shaka," alijibu Mwachiro, uso umemshuka.

Siku ya nne ya picha, jikoni kulinukia papa na nazi. Meneja ndiye aliyetangulia mezani, mikono keshanawa.

Bi Nyamvula akamsogezea sima. "Karibu, mwanangu. Kumbe nawe mtu wa zamani!"