Kamati Itafunga Miezi Mitatu

Hadithi hii aliisimulia kwanza nyanya yetu, Bi Mwanakombo binti Shee, mwezi wa Agosti mwaka 2009, akichambua mchele mlangoni, wajukuu tisa wamemzunguka. Nilikuwapo. Wengine wote walicheka. Naiandika kama alivyoisema, bila kujiongezea wala kujipunguzia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, ndoa na mikutano, palikuwa na mwamba uitwao Mkadini. Bamvua likifika, maji yalikupwa mbali, mwamba ukatoka nje, na wenye miguu wakaingia kutafuta pweza mashimoni.

Hodari wao alikuwa Nguchiro, mjane mwenye watoto watatu. Hakuwa na ngalawa wala nyavu. Alikuwa na kijiti, ndoo na macho. Pweza wa Mkadini ndio waliomlishia wanawe. Lakini pweza walikuwa wamepungua, na waliobaki hawakuzidi kiganja cha mtoto.

Basi serikali ikamleta Kiboko, Bwana Samaki, aitishe mkutano.

"Kuanzia leo bahari tunaisimamia pamoja," akasema Kiboko. "Wavuvi na serikali. Tunaunda kamati."

Fisi, mwenye ngalawa nne, akawa mwenyekiti, kwa kuwa alipocheka hakuna aliyesikia jina la mwingine. Korongo akawa katibu. Alikuwa amefika kidato cha nne, ana kalamu yake mwenyewe, na shingo yake ndefu ilimfanya aonekane anafikiri.

Nguchiro akainua mkono. "Na sisi wa miguu?"

"Mama, hii ni kamati ya wavuvi," akasema Fisi. "Chombo chako kiko wapi?"

"Ndicho hiki ninachosimamia."

"Miguu si chombo, mama."

Watu wakacheka. Korongo akaandika: *Hoja ilichekwa.*

Wakakubaliana mwamba ufungwe miezi mitatu, pweza wakue. Korongo akaandika makubaliano kwa mwandiko wa kujivunia. Fisi akatia dole gumba bila kusoma. Kiboko akapiga muhuri bila kusoma. Karatasi ikapigiliwa mlangoni pa banda la samaki, na Korongo akasimama mbele yake muda mrefu, akiitazama herufi moja moja.

Nguchiro alitii. Siku tisa wanawe walikula kisamvu. Siku ya kumi akapita ufukweni, akasikia matumbawe yakilia kra, kra. Kiboko alikuwa juu ya mwamba, kwa unene wake wote. Kando yake Fisi alikuwa na mkuki.

"Mnafanya nini humo?" akauliza Nguchiro.

"Tunalinda," akasema Fisi.

"Na huyo pweza kwenye mkuki?"

"Huyu ni mkosaji. Tumemkuta ndani na mwamba umefungwa." Akamtupa ndani ya kikapu, pwata.

"Basi nitawashitaki kwa kamati."

"Shitaki, mama," akasema Kiboko. "Kamati ndiyo sisi."

Nguchiro akageuka. Akaenda bandani, akaisoma ile karatasi. Akairudia, akifuata neno kwa neno kwa ukucha. Kisha akacheka kidogo, akaenda kisimani walipo wanawake.

"Jamani," akasema, "sikujua kamati yetu ina imani namna hii. Njooni muone."

Wakaja wote. Karatasi ilisema hivi: *Kamati itafunga miezi mitatu. Mwanakamati atakayevunja atatolewa mbele ya watu.*

"Masikini," akasema Kanga, muuza mandazi. "Wanatufungia wao. Miezi mitatu, Ramadhani tatu mfululizo."

Hata kabla ya alasiri habari ilikuwa imezunguka mji mzima.

Kesho yake asubuhi Fisi akakaa kibandani kwa Kanga. "Chai, na mandazi sita."

Kanga akaivuta sahani. "Mwenyekiti, usinitie dhambini. Umefunga."

"Nimefunga mwamba, Bi Kanga."

"Mbona karatasi haisemi mwamba?"

Fisi akatoka mbio. Njiani akakutana na Kiboko, anatoka jasho.

"Mke wangu kafungia chungu," akasema Kiboko. "Anasema hataki kuwa yeye aliyeharibu swaumu ya serikali."

Wakaenda kwa Korongo. "Katibu," akasema Fisi, "neno *mwamba* liko wapi?"

Korongo akaitazama karatasi kwa jicho moja, kisha kwa la pili. "Lilikuwapo kichwani," akasema.

"Liandike sasa."

"Haiwezekani. Kifungu cha tatu: neno halibadilishwi mpaka wakutane wote na wakubali wote. Hicho nilikiandika vizuri sana."

Mkutano wenyewe uliitishwa baada ya siku nne. Siku hizo watoto waliwafuata Fisi na Kiboko tangu asubuhi hadi magharibi, wakiwatazama vinywa. Mwambani hawakuweza kwenda. Jua lilipozama majirani waliwaletea futari ya uji mwepesi, maana aliyefunga kwa ajili ya pweza hafuturu kwa pweza. Mkanda wa Fisi ukatobolewa tundu jipya.

Siku ya mkutano ikafika. "Ni neno moja tu," akasema Fisi, kwa sauti ndogo. "Tulitie, twende zetu."

"Wakubali wote," akasema Nguchiro. "Na sisi wa miguu tu thelathini. Hatujatia dole."

"Tia basi, mama."

"Kwenye karatasi ya wavuvi? Mimi sina chombo."

Tumbo la Fisi likasema kurrr, na mkutano mzima ukalisikia.

"Miguu ni chombo," akasema Fisi. "Katibu, andika."

"Na mlinzi wa mwamba?" akauliza Nguchiro.

"Unamtaka nani?"

"Mimi. Kwangu pweza hakamatwi kwa kosa la kuwa nyumbani kwake."

Kiboko akapiga muhuri kabla wino wa Korongo haujakauka. Nguchiro akafunua ndoo yake, akawapa kisamvu kilichopoa, na Bwana Samaki akala kisamvu bila kuuliza kama kina nazi.

Miezi mitatu ilipotimia, Mkadini ukafunguliwa. Nguchiro alitoa pweza wa kwanza kwa mikono miwili, na wanawe wakamsaidia kumbeba.

Ndiyo maana wakubwa husema: kufunga bahari huanza na kinywa cha mlinzi.

Nyanya alifariki mwaka 2014. Fisi yu hai. Ni ami yetu Bwanaheri, na mpaka leo hanywi chai mbele ya watoto. Kiboko alihamishwa, nasikia yu hai, sina hakika. Nguchiro yu hai, ndiye mwenyekiti sasa, na mimi humwamkia kwa kuinama. Korongo naye yu hai. Ndiye aliyeandika haya, na safari hii ameyasoma mara tatu.