Kwa Nini Mgeni wa Luwambi Husubiri Maji

Najua mna kiu. Mmetembea tangu alfajiri, na hapa mlangoni mnauona mtungi ukidondosha maji tone moja moja, nanyi mnajiuliza watu hawa wana roho gani. Kwingine mgeni hupewa maji kabla hajapumua. Basi kaeni kwenye vigoda hivyo niwaeleze sababu. Nikimaliza, maji yatakuwa tayari.

Hapo kale, huku Luwambi hakuna aliyengoja maji. Mgeni alipewa kata ya maji hata kabla ya kusalimiwa, na kumchelewesha kulikuwa na maana moja tu: geuka urudi ulikotoka. Sheria hiyo haikuwa na dosari, ila maji yenyewe. Mto wetu hutiririka miezi mitatu, na mingine yote huwa mchanga mtupu, ukibakiza dimbwi moja pale penye mwamba. Ng'ombe walinywa humo wakiwa wamesimama ndani hadi magotini. Watu walichota humo humo, tena walijisaidia kwenye vichaka vya ukingoni, juu kidogo ya dimbwi. Watoto walipokufa kwa kuhara, lawama ziliwaendea wachawi. Walifukuzwa wengi, na watoto wakaendelea kufa.

Alikuwepo mfinyanzi aliyeitwa Sechelela, mke wa Ndahani. Alikuwa amezika watoto wawili, akabakiwa na wa tatu, Chilewa, ambaye bado alibebwa mgongoni. Siku moja ya kiangazi alikwenda kuchimba udongo kando ya mto, akamwona nyani mzee. Yule nyani alilipita dimbwi, akafukua mchanga hatua chache pembeni, kisha akaketi. Aliketi muda mrefu akijikuna, mpaka shimo likajaa maji meupe, ndipo akanywa. Sechelela alirudi nyumbani na hasira, si kwa nyani bali kwa nafsi yake, maana mnyama alikuwa amemzidi akili.

Alitwaa mtungi, akautoboa kitako, akapanga changarawe chini na mchanga uliooshwa juu yake. Akaupachika juu ya mtungi mwingine, akamimina maji ya dimbwi. Siku za kwanza yalitoka machafu, naye akayamwaga. Baadaye yakatoka safi. Kuanzia hapo Chilewa hakunywa maji mengine, na tumbo lake likatulia. Majirani walicheka sana. Maji ya kudondoka, walisema, ni ya mtu asiyetembelewa.

Mgeni naye hakukawia. Mwezi uleule baba mkwe wa Sechelela, Mzee Malogo, alifika kutoka ng'ambo ya vilima, jua likiwa utosini. Maji yaliyokuwa tayari mtoto alikwisha kuyanywa, na mtungi ndiyo kwanza umeanza kudondosha. Ndahani alimvuta mkewe pembeni.

"Kachote dimbwini, unatuaibisha."

"Ya dimbwini simpi mtu tena."

Mzee alisikia. "Mama, unaningojesha mimi?"

"Nisamehe, baba. Nangoja yachujike. Hata nyani wa mtoni hungoja."

Neno likishatoka halirudi. Malogo alisimama.

"Ndahani, mke anayenilinganisha na nyani arudi kwao leo hii. Mtoto anabaki kwetu. Na maji nitajichotea mwenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa siku zile, mtoto alikuwa wa ukoo wa baba. Sechelela alimkumbatia Chilewa akalia kwa sauti, lakini hakwenda dimbwini.

Malogo alichukua kata akashika njia. Njia hiyo ilipita kando ya makaburi mawili madogo. Aliyajua vizuri, kwa kuwa aliyachimba kwa jembe lake mwenyewe. Aliyapita bila kusimama. Dimbwini alikuta ng'ombe wamejaa majini, mmoja akikojoa. Na pembeni, kwenye mchanga, nyani mzee alikuwa ameketi akingoja shimo lake lijae, wala hakuwa na haraka. Malogo alimtazama mpaka akanywa. Koo lilimkauka, lakini hakuinama kuchota. Wakati wa kurudi alisimama kwenye makaburi, na pale alikaa kitambo.

Alifika mlangoni na kata tupu. Sechelela alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake.

"Fungua mzigo, mama," alisema. "Nimechimba makaburi mawili. La tatu silichimbi." Akaketi kwenye kigoda, akangoja.

Maji yalipotosha, yeye mwenyewe aliteka kata ya kwanza, akamnywesha Chilewa, ndipo naye akanywa. Kesho yake alichukua jembe lile lile akachimba shimo la choo nyuma ya nyumba, mbali na mto. Majirani waliokuja kumcheka walikuta ameshafika kiunoni, wakaona aibu kusimama tu wakaenda kuleta majembe yao.

Na tangu siku hiyo, mgeni wa Luwambi husubiri maji. Baba mkwe huchimba choo kabla bibi harusi hajaingia nyumbani, na asiyechimba haitwi mkwe. Waliosema subira yavuta heri sijui kama walikuwa na kiu kama yenu, ila naona mtungi wa chini umejaa. Leteni kata. Lakini huyo mama aliyekaa nyuma amebeba mtoto mgongoni. Aanze yule.