Vihenge Tisa vya Amana

Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wakiitisha vikao, na vikao vyenyewe vikiisha kwa uamuzi, ukame ulipiga bonde moja miaka miwili mfululizo. Mto ukabaki mchanga mtupu. Mama Digidigi alizika mtoto mmoja, akabaki na wa pili aliyekuwa akilamba umande asubuhi na kushinda na kiu hadi kesho yake. Wenzake walimwonea huruma sana, lakini huruma hainyweki.

Simba akaita kikao. Ikakubaliwa lichimbwe lambo kubwa kabla ya masika, ili mvua ikinyesha maji yasipite kama mgeni mwenye haraka.

"Na wachimbaji watakula nini?" akauliza Kobe.

Sungura, ambaye ndiye aliyekuwa karani, akasimama. "Kila mmoja atoe kwa kadiri ya alicho nacho. Mwenye vihenge vitano vya mtama au zaidi, katika kila vitatu atoe kimoja. Asiyefika vitano atoe kikapu kimoja. Na asiyezidi kihenge kimoja aje pia na jembe."

Fisi akaruka. Yeye alikuwa na vihenge kumi, na mtama wenyewe hakuwa akiula. Aliupata kwa kuketi kwenye njia pekee ya kutoka mashambani na kumtoza kila apitaye kibaba kimoja. Hakuwa na kazi nao. Alifurahi tu kujua kwamba wengine hawana.

"Huu ni uonevu!" akasema. "Mtu ahangaike, atoke jasho, halafu mumpokonye? Mtatuvunja moyo sisi wachapakazi. Mimi naweza kuhamia bonde la pili! Tena mnasahau kitu kimoja: nikishiba mimi, makombo huwadondokea ninyi."

"Mimi nipo chini kuliko wote hapa," akasema Kobe. "Miaka yote sijaona kilichodondoka. Hata mfupa unautafuna."

Kikao kikacheka. Sungura akatangaza kwamba kesho yake kila mmoja atataja mali yake mbele ya wote, huku amegusa ukucha wa Simba. Atakayesema uongo, ukucha huo utamgusa yeye.

Asubuhi ilipofika, Simba alianza. Alikuwa na vihenge vinane, lakini macho yote yalikuwa yakimtazama. "Kumi na viwili!" akanguruma. Sungura akaandika: vinne vitolewe. Simba akavitoa, akabaki na vinne, na wala hakulalamika, maana mfalme akilalamika huonekana kama raia.

Ikawa zamu ya Fisi. Alikuja amejikunyata, kajipaka majivu usoni.

"Mimi maskini," akasema. "Nina kihenge kimoja."

"Na vile tisa nilivyoviona uani kwako, Mzee Fisi?" Sungura akauliza.

"Aa, vile! Vile ni amana za watu. Vitatu ni vya Kobe, vitatu vya Nungunungu, na vitatu vya Mama Digidigi. Waliniomba niwatunzie."

Aliwachagua hao watatu makusudi kwa sababu walimwogopa. Alijua hakuna hata mmoja ambaye angethubutu kufungua mdomo. Tena vitatu vitatu havifiki vitano, kwa hiyo mali yote ingepona kwa vikapu vichache tu. Hesabu ilikuwa safi kabisa, na Fisi akajiona ana akili kumpita karani.

"Unawatunzia bila malipo?" Sungura akauliza kwa upole.

"Bila malipo. Ni moyo wangu tu."

"Gusa ukucha, useme tena."

Fisi akaugusa, akarudia maneno yale yale, neno kwa neno. Sungura akawageukia watu. "Wenye amana wapo hapa. Je, mnazitaka?"

Nungunungu akatazama chini. Mama Digidigi aliogopa, lakini akamwangalia mwanawe aliyelala miguuni pake, midomo imepasuka, na hofu yake ikaisha.

"Nautaka mtama wangu," akasema. "Leo hii."

"Lakini jua ni kali," Fisi akababaika, "na vihenge ni vizito. Kwa nini tusingoje mvua…"

"Kwani si vyao?" Simba akauliza, akiunyoosha ukucha ili Fisi auone vizuri.

Fisi akarudi nyuma hatua moja. "Ni vyao, Bwana Mkubwa."

Jioni ile ua wa Fisi ulibaki na kihenge kimoja. Simba, ambaye alikuwa bado akiuguza uchungu wa vihenge vinne alivyotoa, akapiga marufuku ushuru wa njiani. Mama Digidigi alitakiwa kutoa kikapu. Akatoa kihenge kizima. Kobe alitoa kikapu kimoja, lakini kwanza akakipangusa juu kwa kijiti ili punje isizidi. Na Fisi, mwenye kihenge kimoja, akaja na kikapu chake na jembe begani.

Lambo lilikamilika siku mbili kabla ya mvua. Mtoto wa Digidigi akanywa hadi tumbo likawa gumu, na mama yake akalia mbele ya watu bila kuona haya.

Mwaka uliofuata lambo lilijaa tope, na kikao kikaitwa tena. Wa kwanza kusimama alikuwa Fisi.

"Mimi sielewi!" akafoka. "Wenye vihenge vitatu watoe kikapu kimoja tu? Ndiyo haki hiyo? Wao wanakula, sisi tunachimba! Wenye navyo watoe zaidi!"

Watu wakashangilia. Kobe peke yake hakushangilia. Alikwisha kuingiza kichwa ndani ya gamba.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.