Nafasi Moja ya Makka

Jumatatu, tarehe tatu Julai mwaka 1995, saa nne ya asubuhi, mashine za kiwanda cha korosho zilinyamaza, na hazikunguruma tena. Wafanyakazi waliambiwa kwamba serikali imeacha biashara, sasa kila mtu ajitafutie. Mzee Kandulu alipokea kiinua mgongo chake, akanunua saruji na mabati, akajenga vyumba vinne uani kwake. Akaviita Gesti ya Subira. Watu wakamcheka: mgeni gani atalala katika mji uliokufa? Haukupita mwaka, mawe ya thamani yakaonekana mtoni, na wageni wakaja hata wengine wakalala barazani.

Mzee Kandulu aliifaidi gesti yake miaka miwili tu, Mungu akamchukua. Aliacha watu watatu na sharti moja: kitu alichosahau mgeni kisilale humo ndani, kirudishwe siku hiyohiyo.

Bi Tabia, mke mkubwa, kipaji chake kilikuwa kuuliza. Mgeni hakumaliza kikombe cha chai kabla hajaulizwa kwao ni wapi na kama mama yake yu mzima.

Somoe, mke mdogo, kipaji chake kilikuwa vidoleni. Hakuloweka shuka wala foronya kabla ya kuipapasa yote, pindo kwa pindo.

Mponda, mdogo wake marehemu, kipaji chake kilikuwa miguu. Baiskeli yake haikuwa na breki, naye hakuona upungufu.

Asubuhi moja mgeni wa chumba cha tatu aliondoka mapema. Somoe akapapasa foronya yake, akakuta kifuko kwenye kona. Ndani mlikuwa na mawe saba ya buluu. Alikuwa peke yake uani, hakuna jicho lililomwona. Alisimama kidogo, kisha akaita, "Bi mkubwa! Njoo uone jambo!"

Wakafungua daftari la wageni. Wanunuzi wa mawe huogopa wezi, hawaandiki majina yao. Huyu alikuwa ameandika: Juma Juma, anatoka nyumbani, anakwenda mbele.

"Haya, katafuteni huyo Juma wa Mbele," Somoe akacheka.

"Wewe cheka tu," alisema Bi Tabia. "Mimi nilimuuliza. Mama yake ana mtoto wa jicho, anauza vitumbua nyuma ya msikiti wa Mkulunga. Leo anapita kumwona kabla ya kupanda lori. Shemeji, utamuwahi?"

Mkulunga ni maili ishirini na tano, mchanga mtupu.

"Ukinifungia muhogo nitamuwahi," Mponda akajibu. "Ukinipa mawaidha nitachelewa."

Alimkuta mgeni ameshaweka mguu mmoja kwenye lori. Aliporudi, watu walikuwa wanatoka kuswali magharibi, na magoti yake yalikuwa yamechubuka yote mawili.

Baada ya mwezi mgeni akarudi, safari hii kwa jina lake la kweli: Alhaji Swedi Nambunga.

"Mawe yale yalikuwa mtaji wangu na wa ndugu zangu wote," alisema. "Nimeweka nadhiri ya kumpeleka mtu mmoja Makka. Mmoja tu, ndio uwezo wangu. Bi Tabia, wewe ndiye mkubwa wa nyumba. Nipe jina Ijumaa, baada ya swala."

Bi Tabia aliitamani safari ile. Tangu usichana wake alimwomba Mungu asimchukue kabla hajaiona Kaaba, na sasa miguu ilianza kumkataa.

"Nisingeuliza mimi, mgeni angepatikana wapi?" alisema.

"Na mimi ningenyamaza, bi mkubwa, ungekuwa na habari gani ya mawe?" Somoe akadakia.

"Nyote wawili mlibaki mnakunywa chai," alisema Mponda. "Mawe yalikwenda kwa miguu yangu."

Wakacheka, kwa maana walipendana. Kisha Somoe akainamisha kichwa. "Nitasema kweli. Mawe yale niliyatamani. Nilikumbuka sharti la mwenye nyumba, ndipo nikaita."

Bi Tabia akamweleza Alhaji habari ya mwenye nyumba huyo. Mzee Kandulu alikufa na nia ya kuhiji moyoni.

"Mimi nimekwisha kuhiji," alisema Alhaji polepole. "Mkitaka, naweza kwenda kumhijia marehemu. Lakini nafasi ni ileile moja."

Ijumaa imefika, swala imekwisha. Bi Tabia ameketi juu ya mkeka, Alhaji amesimama mlangoni, anangoja.

Nanyi mnaonisikiliza, jina gani litoke mdomoni mwake? Aliyeuliza, aliyekuta, aliyepeleka, au aliyeweka sharti? Amueni taratibu, maana mmoja wao hawezi kujitetea.

Na kabla hamjajibu, tumwombee. Ewe Mola, mrehemu Mzee Kandulu pamoja na wafu wetu wote. Lipanue kaburi lake, litie nuru, na umpokee kwako kama apokewavyo mgeni mwema. Amin.