Kwa Nini Kiti cha Sista Dimpna Hutazama Nyuma

Basi kaeni, na aliyekalia kitambaa cha kijani ainuke, kwa sababu nimekipiga pasi sasa hivi. Kila mwezi wa Machi ni swali hilohilo. Wageni huja hapa Kyanguni na kamera zao, wamesikia kwamba mji mdogo wa Ukambani una maandamano ya Waairishi. Hutafuta pembe nzuri ya kusimama, kisha hunijia na malalamiko. Mbona kando ya barabara hakuna mtazamaji hata mmoja? Na kile kiti kinachobebwa mbele, mbona kimegeuzwa kutazama nyuma? Nimeeleza mpaka nimechoka. Nitaeleza tena leo, na mwakani mtaulizana wenyewe.

Zamani kiti hicho kilikuwa hakibebwi na mtu. Kilikuwa kiti cha mbao cha zahanati ya misheni, na kina mama waja wazito walikikalia wakingoja kupimwa. Maandamano nayo yalikuwa ya watu wanne tu. Masista wanne wa Ayalandi, kila tarehe kumi na saba Machi, siku ya Mtakatifu Patrisi wa kwao, walijibandika majani vifuani, wakawasha redio ya kaseti na kuzunguka uwanja wa misheni mara tatu. Sisi tulichungulia kupitia michongoma tukadhani ni novena. Mwisho sista mmoja alifariki akazikwa nyuma ya kanisa, wawili wakarudishwa kwao, akabaki Sista Dimpna, na mtu mmoja haandamani.

Sista Dimpna alikuwa mkunga. Nusu ya mji huu ilitua mikononi mwake, nami nilikuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na tisa, nikimchemshia maji na kumsikiliza akinung'unika. Kikamba alikisema vizuri kuliko vijana wenu wa siku hizi. Kisha magoti yakamgomea, na barua ikaja kutoka kwa wakubwa wake kwamba arudi Ayalandi akapumzike. Ndege ilikuwa ya tarehe kumi na tisa Machi.

Alipoisoma hakulia. Alinieleza kwamba alipokuwa mtoto, babake alimbeba mabegani siku ya Patrisi, akayaona maandamano ya mji wao tangu ngoma ya kwanza hadi punda wa mwisho. Tangu avuke bahari hakuyaona tena. Kutembea alitembea, na wenzake watatu na ile redio yao, lakini anayetembea haoni kitu ila mgongo wa aliye mbele yake.

"Syombua," akaniambia, "nataka nikae kando ya barabara mara moja tu, yanipite."

Nikamwahidi yatampita. Ahadi ni deni, na hili nililikopa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kupata waandamanaji hakukuwa na kazi. Mbuvi, mpiga tarumbeta wa kanisa, alikusanya bendi kwa siku moja. Wanawake walishona mishipi ya kijani. Lile jani la Patrisi lina vijani vitatu na huku halioti, kwa hiyo tulichuma kunde za kando ya mto, maana kunde nazo ni vijani vitatu. Sista alilikagua jani mbele na nyuma akasema Patrisi mwenyewe angelivaa. Lakini akaongeza jambo. Alisema kwao nusu ya watu huandamana na nusu husimama kando wakishangilia, na kwamba bila wale wa kando hayo si maandamano, ni watu wanaokwenda mahali fulani. Kazi ya kuwapata wa kando nikapewa mimi.

Sasa nyinyi mnawajua watu wa hapa. Kwetu watu wakipita kwa pamoja, iwe ni harusi, iwe ni msiba, iwe ni Ekaristi, unafunga duka unaingia. Huulizi wanakwenda wapi, utajua mkifika. Anayebaki kando na mikono amekunja, tunajua ana neno na mwenye shughuli, na jioni tutamjadili. Mimi nililijua hilo tangu utotoni, na bado nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwasihi watu arobaini wasimame wasitembee. Wote wakakubali. Ningekuwa na akili, ningeshtuka hapo.

Siku yenyewe nilichora mstari wa chokaa kando ya barabara, nikampanga kila mtu mahali pake. Kiti cha Sista nilikiweka mbele ya kinu cha unga, pale palipoinuka, ili aone mbali. Nikamfunika miguu kwa leso. Bendi ikaanza kupiga kutoka sokoni.

Wa kwanza kuasi alikuwa Kavinya, muuza mandazi. Alisema anawasindikiza mpaka hapo kwa kinyozi tu, arudi. Sijamwona akirudi mpaka leo. Nikimrudisha mmoja kwenye chokaa, watatu wanatoroka nyuma yangu. Mwenye kinu alizima mashine akaingia na unga kwenye nyusi. Wagonjwa wa zahanati waliingia. Nilimkimbilia Kavinya, nikamshika kanga, nikamuuliza kama hakuniahidi.

"Sista alinizalisha watoto watano," akanijibu bila kusimama. "Leo anaagwa, nami nisimame kando kama tuliogombana?"

Na tusidanganyane, tarumbeta ya Mbuvi ilinifikia nikiwa bado nimeishika ile kanga, na miguu yangu ikafuata. Nilikwenda kama hatua thelathini ndipo nikakumbuka nimemwacha nani, nikageuka.

Barabara nzima ilikuwa tupu. Palikuwa na mstari wa chokaa, vumbi, na mwanamke mzee kwenye kiti, jani la kunde kifuani, akitupigia makofi peke yake. Aibu ya siku ile haijaniisha. Nilirudi mbio nikiwa na hasira na mji mzima, nikaanza kuwatukana mmoja mmoja, nikisema hawa watu hata kusimama hawawezi. Sista akaniinulia mkono ninyamaze.

"Miaka arobaini nimekaa nanyi," akasema, "na leo mmenipita kama mwenye kinyongo."

Nikamkumbusha, kwa sauti ambayo haistahili kusimuliwa, kwamba ni yeye aliyetaka kukaa kando.

"Nilitaka," akasema. "Nilikosea. Nibebeni."

Mbuvi alimpa mtu tarumbeta yake, akaja na wanaume watatu. Wakainua kiti na Sista juu yake, wakampandisha mabegani na kukimbia naye hadi mbele kabisa. Hapo wakaridhika na akili zao. Lakini mbele kabisa Sista aliona nini? Barabara, na mbuzi mmoja anayevuka. Alimgonga Mbuvi utosini.

"Nigeuzeni," akasema. "Nitawaonaje?"

Wakamgeuza akawatazama watu. Na kutoka juu ya yale mabega akauona msafara wote, kuanzia ngoma ya kwanza hadi punda wa mwisho, ambaye alikuwa wa muuza maji na alikuwa na mshipi wa kijani. Kisha akaanza kuwaita wale aliowapokea duniani, kwa majina, hata wenye mvi, akimwambia huyu ulitanguliza miguu, na yule ulimchelewesha mama yako siku mbili. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kichwa cha Mbuvi. Nadhani hivyo ndivyo alivyomshika babake. Nililia, na sioni kwa nini nifiche.

Basi kuanzia siku ile mpaka leo, hapa kwetu hakuna anayesimama kando siku ya Patrisi, na mgeni anayekuja na kamera huvikwa mshipi na kusukumwa ndani. Kiti hubebwa mbele kikitazama nyuma, na hukaliwa na yule ambaye magoti yamemgomea, ili awepo mmoja wa kutuona. Sista alisafiri tarehe kumi na tisa. Mwaka uliofuata alituandikia kwamba huko kwao walimweka mahali pazuri sana kando ya barabara, na kwamba hakufurahi hata kidogo. Hatukupata barua nyingine.

Kuhusu kiti kilichoko hapo mlangoni, msijifanye hamjakiona. Mbuvi alikileta jana, amekipaka vanishi mpya, akakiweka chini. Nilimfokea mpaka akaondoka. Magoti yangu ni yangu, na sikumtuma mtu ayapime. Lakini kesho msafara ukianza, kila mtu awe ndani, na mshipi umenyooshwa. Atakayebaki kando nitamwona, maana nitakuwa nimetazama nyuma.